Mbuzi ya Nazi, Betri ya Pikipiki na Mtu wa Ukumbini

Barua ya kukubaliwa ilinikuta pwani ya Kiuyu Mbuyuni, Pemba, maji yakiwa ya magoti na kamba ya mwani begani. Simu nilikuwa nimeitia kwenye mfuko wa nailoni na kuuning'iniza shingoni. Nilipomaliza kusoma nikatazama huku na huku nimwambie nani. Akinamama wa kikundi walikuwa wameinama, kila mmoja na mstari wake. Aliyekuwa karibu nami, bi mkubwa ninayemwita mama tangu siku ya kwanza nilipopangiwa kazi Micheweni, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia nimeitwa kuwasilisha kazi yangu kwenye kongamano la wataalamu wa mwani, Ufilipino.

"Alhamdulillahi," akasema, na hakuinua kichwa. "Nauli wanatoa wao?"

Nauli walikuwa hawatoi. Jioni ile nilikaa na daftari nikajumlisha: boti mpaka Unguja, boti nyingine mpaka Dar es Salaam, tiketi ya ndege, ada ya kushiriki, malazi ya siku sita. Ilikaribia mshahara wangu wa nusu mwaka. Ofisini nikaambiwa kwa upole kwamba fungu la safari za nje halipo, jibu nililolijua kabla sijauliza. Nikawaandikia waandaaji kuwaomba radhi. Siku ya pili wakajibu: si lazima uje, unaweza kuwasilisha kwa video.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilishusha pumzi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nyoka alikwisha kuniuma mwaka 2022.

Kabla ya hapo nilidhani makongamano ya mbali nayajua. Mwaka 2020 na 2021, wakati wa korona, nilihudhuria mengi kuliko miaka yangu yote ya kazi iliyotangulia. Yaliyoandaliwa Uskochi, Malaysia, Afrika Kusini, yote nikiyakalia hapo hapo kwangu Wete, kwenye dirisha la jiko, mahali pekee nyumbani ambapo mtandao unakubali kutulia. Wenzangu nyuma yao walikuwa na rafu za vitabu. Nyuma yangu kulikuwa na sufuria na kapu la vitunguu. Lakini sote tulikuwa visanduku vya ukubwa mmoja. Profesa akitaka kusema alinyoosha mkono ule ule wa kwenye skrini ninaounyoosha mimi, na mwenyekiti alitaja majina kwa zamu. Kila mtu alikuwa mbali, kwa hiyo hapakuwa na aliye mbali.

Kumbi zilipofunguliwa tena ndipo mambo yalipogeuka. Nusu ya watu wamekaa ukumbini, wanaonana kwa macho, wanacheka mzaha ambao sisi wa kwenye skrini hatukuusikia. Nusu nyingine tumetundikwa ukutani kama kalenda. Na mwaka ule wa 2022 mimi nilikuwa miongoni mwa kalenda.

Nilijiandaa kama bibi harusi. Nikakopa, nikanunua kamera nzuri ya kuweka juu ya laptopu, maana niliambiwa ya laptopu yangu inatoa sura ya ukungu. Nikavaa mtandio mpya. Nikazungumza dakika 20 kuhusu namna wakulima wa vijiji viwili vya Pemba wanavyobadilisha mahali pa kupanda pale mwani unapokufa kwa joto la maji. Ukumbi nilikuwa nauona kwa nyuma: visogo vya watu na feni moja. Nilipomaliza nikasema ahsanteni sana, na watu wakainuka. Wallahi nilidhani wameinuka kunipigia makofi.

Ujumbe wa WhatsApp ukaingia kutoka kwa mwenzangu wa Bara aliyekuwa mle ndani: "Dada, pole. Sauti haikuja kabisa. Tulikuwa tunaona midomo tu. Mwenyekiti amesema twende chai."

Dakika 20 nilizungumza na hakuna hata mmoja aliyeamka kwenye kiti kuniambia. Sikulaumu sana. Fundi wa ukumbi alikuwa mmoja, kumbi tatu. Mwenyekiti alikuwa anatazama saa. Wangapi tungenyanyuka kwa ajili ya kalenda? Kamera ile anaichezea mwanangu mpaka leo. Ameifanya jicho la roboti.

Kwa hiyo barua ya Ufilipino iliponijia na neno "kwa video", nilijiwekea sharti: sikubali mpaka nijue jinsi ya kusikika. Nilikuwa na wiki tisa.

Niliyoyafanya wiki zile hayakuhitaji utaalamu wa kompyuta. Nilimwomba dada yangu aliyeolewa Konde awe masikio yangu. Kila usiku baada ya Isha nilimpigia kwa video, nikamsomea ukurasa mmoja, kila mara kwa kifaa kingine au chumba kingine, naye akaniambia ukweli. Dada yangu hajui kubembeleza. "Leo kama uko ndani ya mtungi." "Leo kama kuna mtu anakunja karatasi shingoni kwako." Ile karatasi ilikuwa buibui langu likisuguana na maiki. Dawa yake ilikuwa pini moja: maiki ya waya wa hedifoni inabanwa kwenye ncha ya mtandio, chini kidogo ya kidevu, ikiangalia nje. Hedifoni zenyewe nilizinunua Chake Chake sokoni kwa shilingi elfu tano, na dada yangu akaapa kwamba zimeishinda laptopu, zimeishinda ile kamera ya mkopo, na zimezishinda hedifoni zisizo na waya za shemeji, ambazo zilikuwa zikiishiwa chaji katikati ya sentensi.

Sura ikiganda, watu wanavumilia. Watakuona umefumba jicho moja kama umelewa, lakini wataendelea kukusikiliza. Sauti ikikatika kwa sekunde mbili tu mara tatu, wanafungua simu zao.

Kisha mvua. Nyumba yangu ni ya bati, na masika ya Pemba hayabishi hodi. Siku ya jaribio la tano ilinyesha hata dada akasema haoni sababu ya kuendelea. Nikahamia chumba cha ndani chenye dari, nikaegemeza godoro ukutani, nikatundika kanga nne dirishani. Mume wangu alipoingia akauliza kama tunahama. Lakini sauti ilitulia, ikawa kama ya mtu aliye karibu. Simu niliisimamisha juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikaiweka mezani: inasimama yenyewe, na ukiweka kitabu kimoja chini yake simu inakuja sawa na macho. Nimeona vibao vya kusimamishia simu vikiuzwa kwa bei ya kuku wawili. Mbuzi haianguki.

Umeme nao. Sisi Pemba tangu mwaka 2010 tunapata umeme kutoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari. Waliokuwepo wakati wa majenereta ya Wesha wanajua tumetoka wapi. Ila kukatika kunakatika, hasa siku unayouhitaji. Simu ina chaji yake, laptopu ina chaji yake. Kinachozimika ni ruta. Kijana wa bodaboda wa mtaani kwetu ndiye aliyenifungua macho. Aliigeuza ruta, akasoma maandishi ya chini, akacheka: inakula volti 12, sawasawa na betri ya pikipiki yake. Akanikatia waya, akanifungia vichwa viwili, chanya na hasi, akanionya mara tatu nisivibadilishe. Betri yake ya akiba iliiendesha ruta saa tatu na ushei. Kongamano zima la umri wangu limetegemea betri ya bodaboda.

Bando nilipima mwenyewe, maana maneno ya watu yalipishana. Kikao cha watu wengi chenye picha zote wazi kilimaliza gigabaiti moja kabla saa haijatimia. Nikizima kamera yangu na kuficha picha za wengine, nikabaki na sauti peke yake, saa nzima haikufikia megabaiti mia. Tangu hapo desturi yangu ni kufungua kamera ninapozungumza na ninapoulizwa swali, basi. Slaidi natuma siku mbili kabla, ziwekwe kwenye kompyuta ya ukumbini, mimi niseme tu "inayofuata". Na kazi yenyewe nairekodi kwa simu, faili naituma pia, ili mtandao ukifa wawe na cha kuwasha. Nimewahi kuwafundisha vijana wa idara nyingine mambo haya wakaona ni madogo mno, walitaka niwatajie programu ya kununua. Programu za bure zinatosha. Zoom ya bure inakata kikao kwa dakika 40, na sisi tulipokuwa tunafanya maandalizi ya kikundi tuliifanya ndiyo saa yetu ya kunywa chai: ikikata, watu wanamimina, wanarudi.

Saa nayo ina kisa chake, na kwa hili nimechekwa. Mtu wa hapa anaishi na saa mbili: saa yetu inayoanza kuhesabu jua linapochomoza, na saa ya Kizungu. Ukiongeza saa ya Greenwich, ile inayopimiwa saa za nchi zote, zimekuwa tatu. Ratiba ya kikao kimoja cha Uskochi ilisema saa tisa asubuhi kwa saa yao, na mimi nikaandika ukutani: saa sita mchana. Ijumaa ikawa sawa. Jumatatu nikaingia saa sita kamili nikakuta watu wanaagana. Kumbe Jumapili iliyokatikati ilikuwa ya mwisho ya mwezi wa Machi, na Waingereza usiku ule wanasogeza saa zao mbele. Wao wamekuwa karibu na sisi kwa saa moja na hakuna aliyetuarifu. Kwetu jua halijabadilisha kitu. Sasa nauliza saa kwa Greenwich peke yake, naongeza tatu, halafu naigeuza kuwa ya Kiswahili, na naandika kwa maneno: "saa tano kabla ya adhuhuri". Mwenzangu mmoja aliandika "saa 2" kwenye kalenda ya simu, akaamka na kuvaa suti alfajiri kwa kikao cha mchana.

Lakini nilichojifunza kwa uchungu zaidi hakihusu vyombo. Mtu akisafiri, watu wanajua amesafiri. Mimi nilikuwa Wete, macho yananiona. Siku ya kwanza ya kongamano moja nilikaa ofisini na hedifoni masikioni, na katika saa mbili niliitwa kusaini fomu ya mafuta, nikaulizwa ufunguo wa stoo, nikapewa wageni wawili wa kuwasindikiza. Bosi alipita akasema, "Kumbe upo!" Nikahamia nyumbani, ikawa hodi, hodi, jirani na sahani ya kaimati, mtoto na kaptura iliyochanika. Kila mmoja ana haki yake. Unapokuwa mahali, wewe ni wa mahali hapo. Hatimaye niliomba barua rasmi ya ruhusa, ya siku nne, kama ya safari, na nikafunga begi kweli nikapanda gari mpaka Konde kwa dada yangu. Ofisini palikuwa na minong'ono: safari gani hiyo isiyo na posho? Mmoja aliniuliza kwa huruma kama kweli kongamano lisilo na posho ni kongamano.

Sasa nije kwa mtu wa ukumbini, maana bila yeye yote niliyoyaeleza ni mapambo.

Nilikuwa nishafahamu kwamba mwaka 2022 sikuangushwa na maiki. Niliangushwa na kutokuwa na mtu. Ukumbi mzima haukuwa na mwenye wajibu wa kuniangalia. Kwa hiyo kwa Ufilipino niliandika kwa waandaaji nikauliza jambo moja tu: ni nani katika waliojiandikisha anatoka Afrika Mashariki? Wakanipa anwani ya kijana mmoja wa Tanga anayesoma huko. Sikumjua, hakunijua. Nikampigia nikamweleza: sihitaji fundi, nahitaji wakili. Tukapatana alama za WhatsApp. Akituma nukta moja, nasikika. Nukta mbili, sisikiki, ninyamaze nianze upya. Nukta tatu, mwenyekiti ananitazama vibaya, nimalize. Tukapatana pia kwamba wakati wa chai asile na rafiki zake. Anibebe mimi kwenye simu yake, azunguke nami. Akacheka, akasema, "Dada, nitakubeba kama sahani ya ubani." Na alinibeba hivyo hivyo.

Kwao kikao kilikuwa saa nane mchana, kwetu saa tatu asubuhi. Na kwa bahati kilianguka siku za maji mafu. Hili msomaji wa mjini huenda asilielewe. Kwetu bamvua ndilo linalopanga kazi: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanatoka sana, na yanatoka mnamo saa nne za asubuhi, ndipo akinamama wanashuka kufunga mbegu na kuvuna. Maji mafu hayatoki vya kutosha, wanabaki juu, wanasuka ukili, wanapumzika mgongo. Kwa hiyo siku ile walikuwepo. Nami nikafanya jambo ambalo sikulifikiria kabla ya wiki ile: badala ya kujifungia Konde peke yangu, niliazima chumba cha madrasa kijijini, asubuhi watoto wakiwa skuli, nikatandika majamvi, nikawaita kikundi kizima. Watu 17 na simu moja juu ya mbuzi, spika ndogo ya kijana wa bodaboda pembeni, kanga zimetundikwa madirishani. Mbona kazi ninayoieleza ni yao, nikaisemee wapi wao wasipokuwepo?

Nukta moja ikaingia. Nasikika. Siwezi kueleza nukta ile ilivyonishusha mabega.

Nilieleza yale yale ya 2022, safari hii kwa dakika 12, maana nilijua kutazamwa kwenye ukuta kunachosha. Nikaanza na mbegu. Ufilipino na sisi tuna undugu wa kamba: mbegu za mwani zilizoanzisha kilimo hiki kibiashara Zanzibar mwaka 1989, upande wa mashariki wa Unguja kule Paje na Jambiani, zilitoka kwao. Kuna aina mbili tunazozitaja, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei, na ndiyo inayokufa. Tangu miaka ya 2000 maji ya pwani yamekuwa yakipata joto, mwani unageuka mweupe, unakatika kwenye kamba. Wengi wamebaki na spinosamu, bei chini, jasho lile lile. Watafiti wetu, akiwemo Dk. Flower Msuya aliyefanya kazi miaka mingi kwenye Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Unguja, wamejaribu kuipeleka kotonii kwenye maji ya kina, ndani ya nyavu za mirija, yaani nyavu zilizoshonwa kama mirija, kwa kuwa huko joto ni pungufu. Mimi nilieleza wakulima wa Kiuyu wanavyofanya kwa uwezo wao.

Ikaja zamu ya maswali. Ukumbini kulikuwa na mkulima, mwanamume wa makamo, aliyeletwa na chama cha wakulima wa kwao, na mtu wa kumtafsiria. Bi mkubwa wangu akaninong'oneza, ila hedifoni ilimsikia na ukumbi ukamsikia: "Muulize, yeye kiangazi mbegu anaiweka maji ya wapi?"

Nikatafsiri kwa Kiingereza, wao wakatafsiri kwa lugha yao. Yule bwana akasimama, akaweka kiganja shingoni, kisha akakipandisha juu ya kichwa. Maji ya kumzidi mtu. Wanaelea na vifaa, kamba inashikwa na maboya, wanakwenda kwa mashua.

Bi mkubwa akatikisa kichwa. Akasogea mbele ya simu, safari hii bila kunong'ona. "Mwambie ahsante sana baba, nimefahamu. Na wanawake wa kwao wanajua kuogelea?"

Nilipolitafsiri swali lile kulikuwa na kimya nilichokisikia kutoka kilomita elfu nyingi. Mwenyekiti, mama mmoja mtafiti, alikuwa ameshaanza kumtaja muulizaji mwingine, akasita. Kwetu wanawake wengi wanaolima mwani hawajui kuogelea. Wameishi na bahari umri wao wote, wanaisoma kama kitabu, lakini maji yakipita kifua wanarudi. Tumewapelekea nyavu za mirija na maboya, na mashua ya kufikia huko hawana. Jambo hili nalijua miaka. Katika slaidi zangu halikuwemo. Niliona aibu kidogo, nisifiche.

Jibu la ukumbini lilikuwa fupi, muda ulikuwa umekwisha, nukta tatu zikaingia. Lakini kijana wa Tanga hakusahau ahadi. Wakati wa chai akaichukua simu yake, nikiwa ndani yake, akaenda moja kwa moja kwa yule mkulima, akamtafuta na mtafsiri, na wakakaa. Kwa robo saa bi mkubwa na yule bwana walizungumza juu ya mwani kama watu wa ukoo mmoja. Yule bwana alimwonyesha mafundo ya kamba kwa vidole; akinamama huku nyuma wakasema fundo hilo litafunguka na wimbi, wakamwonyesha la kwao. Akaomba lirudiwe. Likarudiwa mara tatu, simu ikiwa imeshuka kutoka kwenye mbuzi na kushikwa na binti mmoja karibu kabisa na kamba. Hapo hata sura ilikuwa na faida, nakubali. Baadaye yule mama mwenyekiti akapita na kikombe chake, akainama kwenye simu, akauliza ni wangapi katika kikundi wangependa kufundishwa kuogelea na nani wa kuwafundisha. Mikono tisa ilinyooka. Wa kumi alisema atanyoosha akishamuuliza mumewe.

Kikao rasmi kilinipa cheti. Robo saa ile ndiyo iliyonipa barua pepe saba ndani ya mwezi mmoja.

Si kwamba nilipata yote. Mezani wakati wa chakula cha usiku sikuwepo, na hapo ndipo watu wanapopanga nani aingie kwenye mradi gani. Niliona picha zao, wamekaa pamoja, nikajua kuna mazungumzo yamenipita ambayo hayatarudi. Kijana wa Tanga alinibeba kwenye chai mara mbili, siku ya tatu simu yake ilizima na ningemlaumu kwa lipi. Kikao kimoja nilichokitaka sana kilikuwa saa tisa alfajiri kwetu, nikalala nacho masikioni, nikaamka unaimbwa wimbo wa taifa wa nchi nisiyoijua. Na bado kuna makongamano yanayomtoza mtu wa skrini ada sawa na anayekula chakula chao. Hao nimeacha kuwaandikia.

Nimekuwa na mimi mtu wa ukumbini mara moja. Kulikuwa na mkutano wa maafisa Unguja, nikaenda, na mwenzetu wa Mafia hakupata nauli. Nilikaa siku nzima na simu mkononi, nikamtumia nukta, nikambeba kwenye chai, nikakosa kula sambusa kwa ajili yake. Mkono unauma. Nilimpigia kijana wa Tanga usiku ule kumshukuru tena, kwa sababu kabla ya hapo sikujua nilimshukuru kwa kitu gani.

Mwezi uliopita imekuja barua nyingine, kikao cha mtandaoni cha siku moja, wakulima wa nchi nne. Nilipowapelekea akinamama habari, bi mkubwa aliniomba tarehe, akahesabu kwa vidole mpaka mwandamo wa mwezi, akanirudishia simu.

"Siku hiyo bamvua. Saa nne sote tuko majini. Waambie wageni wako wasogeze wiki moja."

Nikawaandikia hivyo hivyo, kwa heshima, nikaeleza kuwa wazungumzaji wangu watakuwa shambani na maji hayasubiri. Jana usiku wamejibu. Wanasema tarehe inaweza kusogea, hakuna shida, ila wanaomba niwaeleze: bamvua ni sikukuu ya dini gani?